Kimya cha Nani?

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta pale Luthuli Avenue uitishe feni ndogo isiyo na kelele, na muuzaji atakuuliza maswali mawili: saizi gani, na uko na pesa ngapi. Hatakuuliza la tatu, na huwezi kumlaumu, kwa sababu hata sisi wanunuzi huwa hatujiulizi: isiyo na kelele kwa nani?

Wengi wanaonunua feni hizi wanazipeleka kwenye kompyuta. Lakini kuna wakazi wachache wa mjini wanaofuga samaki ndani ya keja. Wana tangi la lita 60 au 120 juu ya meza ya mbao, na juu ya tangi kuna kifuniko chenye taa. Taa zinatoa joto. Joto likikosa pa kutokea linashuka kwenye maji, na pia linazeesha taa zenyewe mapema. Dawa ni feni moja au mbili zilizowekwa kwenye kifuniko. Na hapo ndipo maneno yanaanza, juu keja yenyewe ni chumba kimoja: kitanda, jiko, tangi, na feni inayovuma nusu mita kutoka kwa mto wako.

Linaonekana ni swali la fundi, na fundi ana majibu mazuri ambayo tutayapitia. Ila ndani yake kuna swali lingine ambalo fundi hawezi kukujibia. Ukishamfungia kiumbe mahali ambapo hawezi kutoka, madhara unayomfanyia unayapima kwa masikio ya nani?

Tuanze na ya fundi, kwa sababu ukiyakosa haya hata maadili yako hayatamsaidia samaki.

Kwanza, kubwa na ya polepole inashinda ndogo yenye haraka. Hewa inayosukumwa na feni huongezeka kulingana na mwendo wake, na huongezeka zaidi sana kulingana na upana wake. Feni ya milimita 120 inaweza kusukuma hewa sawa na ya milimita 80 huku ikizunguka kwa karibu theluthi moja tu ya mwendo wa ile ndogo. Kelele nayo hushuka haraka kuliko mwendo: ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, sauti yake inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huona desibeli 10 kama nusu ya kelele. Kwa hivyo feni mbili zinazozunguka kwa nusu ya mwendo zinakupa hewa ileile ya feni moja inayokimbia, na kelele zake zikijumlishwa bado ziko chini kwa desibeli kama 12. Huhitaji kifaa cha bei kufanya hivi. Feni nyingi za kompyuta ni za volti 12, na zile adapta za kuchagua volti zinakuruhusu kushuka hadi 9 au 7.5. Hakikisha tu feni inaanza kuzunguka yenyewe kwenye volti hiyo, kwa sababu feni iliyokwama ni tulivu sana na haina kazi.

Pili, beringi. Feni za bushi ni rahisi na huanza zikiwa tulivu, lakini zikilazwa chali juu ya joto, mafuta yake huisha na bushi huliwa upande. Baada ya muda zinaanza kukwaruza. Za gololi hudumu kwenye joto, ila zina mlio wake mwembamba tangu siku ya kwanza. Zile ambazo ekseli yake huelea kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani hudumu na bado ni tulivu, na ndizo za bei. Kwenye tangi kuna jambo la ziada: mvuke. Ukiipanga feni ivute hewa kutoka juu ya maji, unaipitishia unyevu kila dakika. Ukiipanga iingize hewa kavu ya chumbani, yenyewe inabaki kavu na mvuke unatokea upande wa pili.

Tatu, tusisahau tuko wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini hewa yenyewe ni kidogo, kwa hivyo inabeba joto kidogo. Maji nayo yanashika oksijeni kidogo. Kule Mombasa, maji baridi ya kawaida yasiyo na chumvi hushika kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita yakiwa digrii 25, na 7.6 yakifika digrii 30. Nairobi toa moja ya tano kwa kila namba. Samaki wa Nairobi anaanza mbio akiwa nyuma, na kila digrii unayomwongezea inamrudisha nyuma zaidi. Afueni ni kwamba hewa yetu ya bara ni kavu, na upepo juu ya maji hupoza kwa kuvukiza. Lita moja ikivukizwa hubeba joto la kutosha kushusha tangi la lita 120 kwa karibu digrii 5, kama hakungekuwa na joto lingine linaloingia. Hiyo lita lazima uirudishe, hata wiki ya mgao wa maji.

Hayo ndiyo majibu ya fundi. Ukiyafuata yote, utalala vizuri. Sasa turudi kwa yule ambaye hakuulizwa.

Sauti inayotoka kwenye feni ina njia mbili. Ya kwanza ni hewani: kutoka kwenye mapanga hadi kwenye sikio lako. Njia hii karibu haimfikii samaki kabisa. Sauti ya hewani ikigonga uso wa maji, takriban asilimia 99.9 ya nguvu yake hurudishwa juu. Unaweza kupigia tangi kelele zako zote za Arsenal na Man U, na kinachoingia majini kupitia uso wa maji ni chembe tu.

Njia ya pili ni mtetemo. Feni inatikisa kifuniko, kifuniko kinatikisa ukingo wa kioo, kioo kinatikisa maji. Hapa hakuna ukuta wa kurudisha chochote. Kioo kinapakana na maji moja kwa moja, na ndani ya maji sauti husafiri kwa karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani.

Sasa ona kile ambacho sisi hufanya feni ikianza kutetemeka na kupiga makelele. Tunachukua bisibisi, tunakaza skrubu nne hadi mwisho. Kelele inaisha, tunafurahi. Kumbe kilichotokea ni kwamba mtetemo uliokuwa unapotelea hewani umefungwa kwa nguvu kwenye kifuniko, na kifuniko kinaupeleka kwenye kioo. Chumba kimekuwa kimya kwa sababu kelele imehamia majini. Hatukuiondoa. Tuliihamishia kwa mwenye nyumba ndogo, ambaye hana namba ya keateka wa kumpigia.

Lakini kwani samaki anasikia? Hili lilikuwa swali halisi la wanasayansi kwa muda mrefu, kwa sababu samaki hana masikio ya nje. Mwaka wa 1923 Karl von Frisch, yule mtafiti wa nyuki aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka wa 1973, aliandika juu ya kambare mdogo aliyefunzwa kuja kula akipigiwa mbinja. Ili asiwepo mtu wa kusema kambare alikuwa anamwona, samaki huyo alikuwa amepofushwa. Kambare akaja. Jibu likapatikana, na tukalipata kwa kumpokonya samaki hisi moja ili atuthibitishie nyingine. Mambo tunayoyajua kuhusu hisia za wanyama mengi yana bei ya namna hiyo, na angalau tusijifanye hatuyajui.

Leo tunajua zaidi. Kambare na samaki wa dhahabu wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chao cha hewa na sikio la ndani. Ernst Heinrich Weber alivieleza mwaka wa 1820. Kibofu kinafanya kazi ya ngozi ya ngoma. Juu ya hiyo, samaki wana mstari wa hisi ubavuni unaopokea misukosuko ya maji. Na sato, pamoja na fulu wa Ziwa Victoria na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, ambao matangi ya dunia nzima yamejaa rangi zao, hawasikii tu. Madume wao hutoa sauti za chini wanapomtongoza jike. Feni yenye mapanga saba, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, inapiga mvumo wa hezi 175. Hilo ni eneo lilelile la sauti za chini ambamo samaki hawa wanasikia na kuzungumza. Yaani mse anajaribu kutongoza, na juu ya paa lake kuna mashine inayoongea kwa sauti yake.

Wacha niwe mkweli kuhusu ukubwa wa jambo hili, kwa sababu ni rahisi kulikuza. Mwaka wa 2004 watafiti Smith, Kane na Popper walionyesha kwamba samaki wa dhahabu waliopigiwa kelele kali majini walipandwa na homoni ya msongo ndani ya dakika 10 na wakapoteza sehemu ya usikivu wao. Kelele hiyo ilikuwa kali kuliko chochote ambacho feni ndogo inaweza kutoa. Na ndani ya tangi la kawaida, pampu ya hewa na kichujio humfikia samaki kwa nguvu zaidi kuliko feni ya juu. Sisemi feni inaua. Ninachouliza ni kwa nini hatukuwahi kuangalia.

Nadhani sababu ni hii: tumezoea kuamini kwamba kelele ni ile inayotufikia sisi. Waswahili walishaliona hilo, wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unaubeba kwa macho, kwa hivyo ni mwepesi. Kelele ya mwenzio ni nyepesi hivyohivyo.

Hata wanafalsafa hawakusalimika. Mwaka wa 1851 Arthur Schopenhauer alichapisha insha nzima ya kulalamikia kelele, hasa mlio wa mijeledi ya waendesha mikokoteni mitaani. Lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba mlio ule unakatiza fikra za watu wenye akili. Ukweli usemwe, Schopenhauer alikuwa mtetezi wa wanyama kuliko wengi wa wakati wake. Lakini katika suala la mjeledi, aliyekuwa karibu zaidi na mlio ule alikuwa farasi, na kero iliyobeba insha ni ya mtu aliyeketi chumbani. Kama yeye, mwenye huruma, alianzia kwa kichwa chake mwenyewe, sisi wengine tutashangaza nani?

Sheria yetu pia inaanzia kwa binadamu, ingawa kuna kitu kimoja inakijua vizuri. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka wa 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi. Yeyote anayeishi karibu na klabu anajua kikomo hicho kinaishi kwenye karatasi. Lakini jina la kanuni zile linataja vitu viwili: kelele na mitetemo. Aliyeziandika alielewa kwamba madhara yanaweza kupita ukutani na sakafuni bila kupitia sikioni. Weka tangi lako likiegemea ukuta mnaoshiriki na jirani, na utafahamu alimaanisha nini. Jirani hasikii feni. Anasikia ukuta.

Sasa, kuna pingamizi tatu, na zote zina uzito.

Ya kwanza: ni samaki tu. Watu wanalala njaa, na wewe unahesabu hezi za feni. Ni kweli, na mtu akiniambia ana shilingi 300 na achague kati ya chakula cha mtoto na mpira wa kuzuia mtetemo, sina la kumwambia. Lakini mara nyingi uchaguzi hauko hivyo. Uchaguzi ni kati ya kukaza skrubu na kutoikaza. Kipande cha mpira kutoka kwa tyubu kuukuu ya baiskeli, kikatwe vipande vinne na kiwekwe kati ya feni na kifuniko, bei yake ni bure. Wema usiogharimu kitu hauwezi kukataliwa kwa sababu kuna wema mwingine mkubwa zaidi.

Ya pili: samaki wanazoea. Pengine. Hata mtoto anayelala karibu na steji ya matatu anazoea. Lakini kuzoea ni jambo linalofanywa na mwili ukikosa njia nyingine, na hatuwezi kulisoma kama ruhusa. Tukikubali kwamba kila kilichozoeleka kimekubaliwa, basi hakuna dhuluma ya zamani ambayo haikuwa halali.

Ya tatu ndiyo ngumu: mto nao una kelele. Maporomoko, mvua, mawimbi, mashua. Nani alisema samaki anadai kimya? Hapa nakubali nusu. Hakuna maji ya asili yaliyo kimya, na kumtafutia samaki ukimya wa msikitini ni kumvika matamanio yetu. Lakini mtoni, samaki akichoka na maporomoko anaogelea hadi kwenye kidimbwi. Joto likipanda juu, anashuka chini. Hali mbaya ina mlango wa kutokea. Tangi limeziba mlango huo pande zote tano, na wa sita tukaufunika kwa taa.

Na hapo, kwangu, ndipo wajibu unapozaliwa. Hautokani na samaki kuwa na akili nyingi au haki fulani iliyoandikwa mahali. Unatokana na kile tulichofanya sisi. Aliyefunga mlango ndiye anayejibu kwa hali ya ndani. Mpangaji mwenye jirani wa jenereta anaweza kuhama, japo atapoteza dipoziti. Samaki hana pa kuhamia, kwa hivyo kile ambacho angekifanya kwa mapezi yake, sasa ni kazi yetu kukifanya kwa niaba yake. Ukichukua uhuru wa mtu unachukua na kazi zake.

Ukilitazama hivi, hata mpangilio wa maswali unabadilika. Tulianza kwa kuuliza feni gani ni tulivu. Rudi nyuma hatua moja: feni ipo kwa sababu ya joto. Joto lipo kwa sababu ya taa. Na taa ipo kwa sababu ya nani? Kama tangi lina mimea hai au matumbawe, taa ni chakula chao, na wanahitaji saa zao nane hivi kwa siku. Lakini kama ni samaki, changarawe na ile meli ya plastiki iliyozama, taa kali ni yetu. Inawaka saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku kwa sababu huo ndio wakati tumerudi kazini na tunataka kutazama. Samaki anapashwa joto ili aonekane, halafu anatikiswa ili apoe. Saa tatu za taa badala ya sita zinapunguza nusu ya joto lile, na hakuna beringi iliyowahi kuwa tulivu kuliko swichi iliyozimwa.

Wakati mwingine kimya chako na uhai wake vinagongana moja kwa moja, na hapo huwezi kuwa na vyote. Ni mwezi wa Februari, keja iko juu kabisa chini ya mabati, maji yamefika digrii 30. Ukishusha feni hadi volti 7.5 utalala, na maji yatapanda. Ukiiacha 12, yeye atapumua na wewe utageuka kitandani. Stima ikipotea, swali linajijibu kwa ubaya. Katika usiku kama huo sioni njia ya kukwepa: wewe unaweza kuziba masikio kwa pamba, au kulala kwa rafiki. Yeye hawezi chochote. Anayeweza kuondoka ndiye anayepaswa kusumbuka.

Kwa usiku mwingine wote, kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa. Ukishafunga feni yako mpya, usisimame tu katikati ya chumba ukisikiliza. Hilo ni jaribio la keja yako. Weka kiganja kwenye kioo, chini ya mstari wa maji, ukitulia. Zima feni, washa tena. Ukihisi tofauti mkononi, yeye anaihisi mwili mzima. Legeza skrubu, weka mpira, sogeza feni kutoka ukingoni, shusha volti, kisha uweke kiganja tena.

Hatakushukuru. Hatajua hata kwamba ulikuwa na la kuchagua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wakimaanisha anayenyamaza ana jambo. Samaki amenyamaza tangu siku uliyomleta kwenye mfuko wa plastiki. Kama lipo jambo, itabidi ulitafute kwa mkono wako.